Ujumbe Uliokwama kwa Chiriku

Kila siku ya shule, ikifika saa tisa na nusu alasiri, Chiriku alivua viatu mlangoni, akala kilichokuwepo, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa vifungo. Mama alishona sare za shule, mashati meupe kwa makumi, na Chiriku, aliyekuwa darasa la sita, alitia vifungo saba kwenye kila shati. Mikono yake ilikuwa myepesi. Mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

Kando ya kopo la vifungo ilikaa simu ya mama. Simu ya kaka yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa kabisa, kwa hiyo barua zote za kuomba kazi alizotuma ziliandikwa namba ya mama. Naye mama, akishaanza kukanyaga cherehani, hasikii kitu. Basi simu alikabidhiwa Chiriku.

"Wewe ndiye karani wangu," mama alimwambia. "Ikilia pokea, salimia, sikiliza, kisha niletee maneno kama ulivyopewa. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, mama," Chiriku alijibu. Aliipenda kazi hiyo kuliko vifungo, maana huyu alikuwa mtoto ambaye ukimnyima maneno utadhani umemnyima chakula.

Kaka yake mtaani aliitwa Injinia, tangu siku aliyomaliza chuo. Alikuwa amesomea mitambo kwa miaka minne, na hakuna mwingine katika ukoo wao aliyewahi kufika huko. Mama alinunua kitambaa cha kijivu akamshonea suti kwa wiki tatu, akiifanya usiku baada ya kumaliza mashati ya watu. "Hii ni ya siku ya kwanza ofisini," alisema, akaitundika ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Kila Jumamosi Chiriku aliufuta mfuko ule vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Shuleni nako hakunyamaza. Aliwasimulia wenzake habari za ofisi ya kaka yake ambayo bado haijapatikana. Kwanza ilikuwa ghorofa ya nne. Alipoona wanasikiliza, akaipandisha hadi ya kumi, akaitia kiyoyozi, akaongeza gari na dereva. Rafiki zake walikwisha kugawana viti vya gari hilo, na wawili waligombania dirisha mpaka wakanuniana.

Mwezi wa kwanza baada ya chuo, mwenye ghala la mbao pale njiapanda alipiga simu. Alitaka kijana wa kuhesabu mbao na misumari na kuandika vinavyoingia na kutoka. Injinia alicheka.

"Nimesoma miaka minne nije kuhesabu misumari? Tafuteni mtu mwingine!"

Mama alicheka. Chiriku alicheka hadi akajichoma sindano. Tangu siku hiyo maneno yale yakawa mchezo wa nyumbani. Chiriku akiambiwa aokote vifungo vilivyomwagika, anaweka mikono kiunoni na kusema, "Nimesoma miaka sita nije kuokota vifungo? Tafuteni mtu mwingine!" Mama anacheka mpaka anasimamisha cherehani.

Miezi ikapita, mmoja, mitatu, minane. Barua zilikwenda kwenye maofisi makubwa. Chache zilijibiwa kwa adabu, nyingine hazikujibiwa hata kidogo. Injinia akaanza kupita uchochoroni ili asikutane na majirani wanaouliza, "Vipi, Injinia, kazi imepatikana?" Mchezo wa misumari ulipungua ladha, na siku moja Chiriku alipousema, kaka yake hakucheka. Aliinuka akatoka nje.

Asubuhi moja ya Jumatatu Injinia alitia vyeti vyake kwenye bahasha, akatembea hadi mwisho wa barabara, kwenye karakana ya kutengeneza pampu za maji. Aliomba kazi yoyote ile. Wakaandika jina lake na namba ya mama, wakamwambia ataitwa. Aliporudi nyumbani hakumwambia mtu. Angeanzaje, baada ya vicheko vyote vile? Alijiambia atasema siku atakayoitwa. Kwa hiyo Chiriku hakujua.

Simu ililia Alhamisi. Mama alikuwa amekwenda kupeleka mashati shuleni, na Injinia alikuwa ametoka. Chiriku alikata uzi kwa meno, akatua shati, akapokea.

"Haloo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke. Nyuma yake vyuma vilikuwa vinagongwa. "Mimi ni fundi mkuu wa karakana ya pampu. Namtafuta kijana aliyesomea mitambo. Alituachia namba hii."

"Ni kaka yangu. Ametoka."

"Basi mpe ujumbe. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi afike hapa. Avae nguo ambazo hazioni uchungu zikichafuka. Ataanza kwa kuosha pampu miezi mitatu, halafu tutaona."

Chiriku aliinua macho akaiona suti ya kijivu ukutani. Kuosha pampu! Aliwaona rafiki zake wakipita pale karakana na kumkuta Injinia ameinamia beseni la maji machafu. Aliona ghorofa ya kumi ikiporomoka, na kiyoyozi chake, na dereva wake. Hakujiuliza kwa nini kaka yake aliiacha namba ya mama pale karakana. Hasira zilimpanda, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Kaka yangu ni injinia. Hakusoma miaka minne aje kuosha pampu. Tafuteni mtu mwingine!"

Kule upande wa pili vyuma viliendelea kugongwa.

"Hayo ni maneno yako, mwanangu, au ni yake?"

Hapo Chiriku angeweza kurudi nyuma. Angesema, "Ni yangu, mama, nisamehe," na mambo yangekwisha palepale. Lakini alishajipandisha juu, na kushuka kulimwia aibu.

"Ni yake," alisema. "Amesema yeye mwenyewe."

"Haya. Nashukuru kwa kunijulisha," ile sauti ilijibu. Haikuwa na hasira. Simu ikakatwa.

Mama aliporudi aliuliza, "Kuna aliyepiga?"

"Mtu mmoja tu, amekosea namba," Chiriku alijibu, akainamia kifungo.

Jioni Injinia naye aliuliza. "Chiriku, hakuna simu yangu?"

"Hakuna, kaka."

Moyoni alijisifu kwamba amemwokoa kaka yake na fedheha. Simu ya maana ilikuwa njiani, hiyo ya ofisini, na ikija ataipokea kwa heshima zote. Ila Ijumaa kaka yake aliuliza tena, mara mbili. Jumamosi alipiga pasi suruali kuukuu yenye kiraka, akaikunja vizuri juu ya kiti.

"Ya nini hiyo?" Chiriku aliuliza.

"Utajua mwenyewe," kaka yake alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu.

Chiriku aliitazama ile suruali. Nguo ambayo haioni uchungu ikichafuka. Alielewa kwamba kaka yake anaijua ile karakana, na kwamba alikuwa akiingoja simu ileile. Huo ulikuwa wakati wa kusema. Jumatatu ilikuwa bado haijafika. Angesema tu, kaka yake angekimbia kule na kila kitu kingenyooka. Akafungua kinywa, akaona jinsi atakavyolaumiwa, akakifunga. Kumbe mtoto asiyeweza kunyamaza darasani anaweza kunyamaza siku ambayo maneno yanatakiwa.

Suruali ilikaa juu ya kiti wiki mbili. Kisha siku moja Chiriku alirudi kutoka shule akakuta kiti ni kitupu. Injinia alikuwa ameirudisha sandukuni. Hakuuliza habari za simu tena, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko alipokuwa akiuliza. Alikonda, ndevu zikamwota ovyo, akashinda ameketi kwenye ngazi ya mlango akitazama miguu ya wapita njia. Hata chakula alikuwa anakigusagusa tu.

"Mwanangu amepatwa na nini?" mama alinong'ona. "Chiriku, wewe huwa hupitwi na jambo. Hajakuambia kitu?"

"Hapana, mama," Chiriku alisema, na hapo akawa amesema uongo wa ngapi sijui, maana alishaacha kuhesabu.

Wiki ya tano, Jumamosi asubuhi, alikuja kijana mmoja mwenye ovaroli iliyopasuka gotini. Alisoma darasa moja na Injinia chuoni, na wenzao walimwita Kobe kwa sababu akiulizwa swali alikuwa anafikiri mpaka mwalimu anasahau aliuliza nini. Alitaka mama amtilie kiraka.

"Kobe!" Injinia aliinuka kwenye ngazi. "Umepata kazi?"

"Nipo pale karakana ya pampu," Kobe alisema, akinyoosha ovaroli mezani. "Naosha tu kwa sasa, lakini nashukuru. Nimepata nafasi yako, ndugu yangu. Nilishangaa sana. Fundi mkuu aliniambia wewe ulikuwa wa kwanza kuitwa, ukakataa."

"Nilikataa?"

"Si ulisema hukusoma miaka minne uje kuosha pampu?"

Injinia alibaki ameduwaa. Kisha uso ukambadilika. "Mimi sijapigiwa simu na mtu! Yule mama amenizushia! Jumatatu nakwenda pale, na nitamwuliza mbele ya mafundi wake wote. Aniambie nilimkosea nini."

"Nami nakwenda nawe," mama alisema, ameisimamisha cherehani. "Haiwezekani mtu amharibie mwanangu jina hivihivi."

Chiriku aliichomeka sindano kwenye shati. Alimkumbuka yule mwanamke mwenye sauti ya upole aliyemwita mwanangu. Aliona wakimwendea na kumwita mzushi mbele ya watu, naye hana kosa. Hilo hakuliweza.

"Msiende," alisema. "Ni mimi."

Wote watatu walimgeukia.

"Alipiga Alhamisi moja, mama ulikuwa umetoka. Alisema kaka aende Jumatatu saa mbili. Nikamjibu mimi." Machozi yalianza kumdondoka juu ya shati la watu. "Akaniuliza kama ni maneno yangu au ya kaka. Nikasema ni ya kaka."

Kobe alisema atairudia ovaroli baadaye, akaondoka polepole bila kuaga. Mama alishika kichwa. Injinia hakupiga kelele, na Chiriku angependa apige.

"Ulimjibu nini hasa?" aliuliza. "Nitajie neno kwa neno."

Chiriku akalitaja lote, mpaka mwisho, mpaka "tafuteni mtu mwingine."

Injinia aliketi juu ya bunda la mashati. Alizungusha kifungo kimoja vidoleni.

"Hayo ni maneno yangu," alisema hatimaye. "Umebadilisha misumari tu, ukaweka pampu. Ni mimi niliyekufundisha."

Mama aliitazama suti ukutani, akayaondoa macho upesi. Kisha alinyoosha mkono, akaichukua simu kando ya kopo la vifungo, akaitia mfukoni mwake. Chiriku alilia siku ile mpaka kwikwi zikamshika.

Jumatatu baada ya masomo walikwenda karakana wote watatu, naye Chiriku alitangulizwa mbele. "Mdomo uliovunja ndio utakaokwenda kuomba radhi," mama alimwambia njiani.

Karakana ilikuwa banda kubwa la mabati. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa grisi, na pampu zilizoharibika zilipangwa ukutani, nyingine ndogo za nyumbani, nyingine kubwa za visima zinazohitaji watu wawili kuzibeba. Fundi mkuu alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Chiriku aliitambua sauti yake pale tu alipoitikia salamu.

"Mama, ni mimi niliyepokea simu," alisema, macho chini. "Nilidanganya. Kaka hakukataa. Hakuambiwa hata kidogo. Naomba unisamehe."

Fundi mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alifungua daftari kubwa lenye alama za vidole vyeusi, akatafuta ukurasa. Kulikuwa na mstari wa Injinia, na mbele yake neno moja kwa wino mwekundu: *Amekataa.* Mstari uliofuata ulikuwa wa Kobe.

"Nilikuwa nimemchagua huyu kati ya vijana kumi na tisa," alisema. "Nilipenda alivyokuja. Hakuniuliza atakaa kwenye kiti gani. Nikasema huyu ataifahamu kazi." Alivua miwani akaifuta. "Sasa nafasi ina mwenyewe, na anaifanya vizuri. Siwezi kumtoa kwa kosa ambalo si lake."

"Hata mimi nisingekubali atolewe," Injinia alisema.

"Na wewe binti," fundi mkuu alimgeukia Chiriku, "uliona kuosha pampu ni kazi ya aibu. Njoo huku."

Aliwapeleka kwenye beseni ambalo Kobe alikuwa ameinamia. Kobe aliinuka kuwapisha. Fundi mkuu alitia mkono kwenye maji machafu, akatoa matope ya chini, akayapondaponda kiganjani mbele ya Injinia.

"Pampu hii imeacha kuvuta maji. Wewe umesoma. Imekufa kwa nini?"

Injinia alieleza. Alitaja mgandamizo na kasi ya mzunguko, na akasema huenda mota haipati umeme wa kutosha. Alieleza vizuri, na Chiriku alijivuna kidogo licha ya yote.

"Chuo hakikukudanganya. Yote hayo huwa yanatokea," fundi mkuu alisema. "Lakini gusa hapa."

Injinia alishika matope. "Mchanga," alisema.

"Mchanga mwembamba. Umekula kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji. Maana yake kisima kimechimbwa vibaya, na hata tukiwapa pampu mpya itakufa baada ya mwaka. Nikikuta kutu, najua habari nyingine. Nikikuta mizizi, nyingine. Anayeosha ndiye anayejua pampu imekufa kwa nini. Kwa hiyo kila anayekuja hapa anaanza kwenye beseni hili, awe na cheti au hana. Miezi mitatu ikiisha namtoa nje kufunga pampu, maana sasa ana macho."

Injinia bado alikuwa ameushika ule mchanga.

Fundi mkuu alirudi kwenye daftari. Alikata neno lile jekundu kwa mstari, akaandika juu yake: *Anasubiri.* "Nafasi ikipatikana nitapiga simu," alisema. "Sijui lini. Inaweza kuwa mwezi, inaweza kuwa mwaka. Usikae bure ukiningoja."

Hakukaa bure. Siku ya pili yake Injinia alinyoa ndevu, akavaa suruali yenye kiraka, akaenda kwenye ghala la mbao la njiapanda. Mwenye ghala alimtazama kuanzia utosini hadi viatuni.

"Kumbe misumari bado ipo, Injinia," alisema.

"Naona ipo, mzee. Nami nimekuja kuihesabu, kama bado unataka mtu."

Mwenye ghala alicheka mpaka akakohoa, lakini alimpa penseli na daftari. Injinia alihesabu mbao, akapima misumari kwenye mizani, akajifunza kuwaambia wateja wakali "subiri kidogo" bila kuwaudhi. Ikawa mwezi, ikawa miwili, ikawa mitatu. Jioni alirudi na vumbi la mbao masikioni, na mama alimwekea maji ya kuoga bila kusema mengi. Shuleni Chiriku aliwaambia rafiki zake kwamba ofisi ya ghorofa ya kumi haipo, wala gari. Walimcheka siku tatu, kisha wakapata jingine la kucheka.

Simu ilikuwa bado mfukoni mwa mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipokea, na kila ilipolia cherehani ilisimama na Chiriku akainamisha kichwa.

Ijumaa moja alasiri simu ililia mama akiwa ameshika kola ya shati chini ya sindano, mahali ambapo ukiachia kitambaa kinaharibika. Ililia mara mbili. Mama alimtazama Chiriku. Kisha aliinamisha bega kuelekea mfukoni.

"Itoe. Pokea," alisema. "Unakumbuka nilikuambiaje?"

"Nisiongeze, nisipunguze."

Chiriku aliipokea kwa mikono miwili. Alisalimia. Alisikiliza. Akavuta daftari lake la hesabu akaandika kila alichoambiwa, akakisoma kwa sauti ili yule wa upande wa pili ahakikishe. Kisha akasema, "Nitamfikishia sasa hivi, mama. Asante," akatoka mbio hata viatu hakuvaa.

Alifika ghalani anahema. Kaka yake alikuwa kwenye mizani, penseli sikioni.

"Kaka! Fundi mkuu amepiga!" Alifungua daftari, akasoma. "Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Uvae nguo ambazo hazioni uchungu zikichafuka. Utaanza kwa kuosha pampu, miezi mitatu, halafu wataona. Basi. Hakusema zaidi."

Injinia aliweka msumari mmoja kwenye mizani, akautoa, akauweka tena.

"Ni ujumbe uleule," alisema.

"Ndiyo, kaka. Uleule."

Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga, na akageukia ukuta wa mbao kuyafuta. Mwenye ghala alimpa mkono na kumwambia hajapata karani mwaminifu kama yeye, na kwamba atakayekuja badala yake ana kazi.

Jumapili mama alishona ovaroli ya buluu. Chiriku alitia vifungo, akaupitisha uzi mara mbili kila kimoja ili visikatike. Suti ya kijivu bado ilikuwa ukutani.

"Nami nina kosa langu, wanangu," mama alisema, akikata uzi. "Nilishona suti ya ofisi kabla ya kuuliza kazi inaanzia wapi. Nikaicheka misumari pamoja na wewe. Mtoto huyu aliyachukua yale aliyoyasikia humu ndani, akayatia uongo, yakaenda kukufungia mlango. Cheti ulichonacho ni kitu kizuri, na kitakusaidia. Ila hakuna anayekuwekea kiti cha juu siku ya kwanza kwa sababu umesoma. Unaanza pale panapopatikana, ukitazama na kuuliza, mpaka wakufahamu. Na wewe Chiriku, ukipewa maneno ya mtu, ni mali yake. Mpe yote, hata kama huyapendi."

"Nimesikia, mama," Chiriku alisema.

Jumatatu alisindikizana na kaka yake, kwa kuwa njia ya shule ilipita hapo. Jirani mmoja aliwaita kutoka dirishani, "Injinia! Na hayo mavazi, unakwenda wapi?"

"Kuosha pampu!" Injinia alijibu kwa sauti.

Walipofika langoni, gari la karakana lilikuwa linatoka. Nyuma, kati ya mabomba na pampu mpya, alikuwa ameketi Kobe na kisanduku cha spana mapajani. Alikuwa anakwenda mbali kufunga pampu ya kisima, safari ya wiki nzima, na sasa mafundi wengine walimsubiri aseme waanze na nini. Alimpungia mkono rafiki yake. Injinia naye alimpungia, akasimama akilitazama lile gari mpaka likakata kona.

Chiriku alilitazama pia. Alijua kile kiti kilikuwa cha nani.

"Nisamehe, kaka," alisema.

"Nilishakusamehe zamani. Nenda, utachelewa kengele."

Chiriku alivuka barabara. Alipogeuka aliona kaka yake amekunja mikono ya ovaroli mpya, ameinama juu ya beseni, na kutia mikono yote miwili kwenye maji machafu.